Nilivyoipigania Medali ya Baba Mkwe

Jumatatu, 6 Julai 2026

Majibu yamekuja. Karatasi moja, upande mmoja. Kumbukumbu za utumishi za baba mkwe wangu, Mzee Gervasi. Aliandikishwa mgambo. Akachukuliwa jeshini mwaka 1978, vita vya Kagera. Akavuka mpaka na kikosi. Akajeruhiwa. Akaruhusiwa kurudi kulima migomba. Na chini kabisa: "Medali: Hakuna."

Hakuna! Mtu ana kipande cha chuma cha adui mwilini mpaka leo, wanaandika hakuna!

Kisa chenyewe ni kifupi. Siku medali zinagawiwa yeye alikuwa hospitali, amelala kifudifudi. Jina lake likasomwa uwanjani. Hakuitika mtu. Wakaendelea na jina linalofuata. Alipopona aliambiwa yake italetwa. Hajawahi kulalamika. Mwaka huu, akiwa na miaka sabini na kitu, amemwambia binti yake, ambaye ni mke wangu Felisita, kwamba angependa jina lake lisomwe tena mbele za watu wakati bado anaweza kuitika. Ndilo ombi lake lote. Hataki hela, hataki bati. Anataka kuitwa na kuitika.

Felisita alikwenda Ofisi (siitaji kwa jina, shajara huibwa) akarudi na maelekezo. Mashahidi wawili waliokuwa naye vitani. Daktari alione jeraha. Yakikamilika kabla ya tarehe 20, jina litasomwa Siku ya Mashujaa, tarehe 25. Basi. Jambo jepesi namna hii serikalini ni mtego.

Felisita akasema shahidi wa kwanza tayari yupo: Desderius. Nikakataa hapo hapo. Desderius alikuwa mpishi wa kombania yao. Mpishi! Medali anayo, na anaivaa sokoni, msibani, hata siku ya kuchanja mbuzi. Pia ndiye aliyenishinda uenyekiti wa kijiji mwaka 2024, kwa mbinu chafu ya kupendwa na watu. Nikasema haki haiombwi jikoni.

Felisita aliniuliza kama medali ni ya baba yake au ni yangu. Swali lilikuwa limeulizwa vibaya.

Akaongeza onyo. Jeraha liko juu kabisa ya paja, linapanda kwenye kalio. Mkwe haoni paja la baba mkwe wake. Hata akifa, wewe siye wa kumwosha. Kwa hiyo siku ya daktari nikae mbali, tena mbali sana. Nikakubali. Mwanamume aliyesoma hukubali mambo mengi akiwa na njaa.

Jumatano, 8 Julai

Jana Saba Saba, kila ofisi imefungwa. Nimeitumia vizuri. Nimeandika waraka. Una utangulizi, historia ya dhuluma tangu Wajerumani, vifungu vya Katiba, na hitimisho lenye hasira.

Leo nimeupeleka Ngara mjini. Nimepokewa na Sajenti Adelfina, binti wa umri wa wanafunzi wangu wa zamani, nilipokuwa bado nafundisha uraia na kabla hawajanistaafisha kwa sababu ya mdomo. Akanipa shikamoo ya adabu. Akasoma ukurasa wa kwanza. Akaufunga polepole, kama mtu anayerudisha kifuniko cha sufuria baada ya kunusa.

Akaniuliza mashahidi wako wapi. Nikamwambia shahidi ni Historia.

Akauliza kama Historia ana kitambulisho cha taifa.

Wenzake wawili walicheka. Nimeandika majina yao mahali.

Aliporudisha waraka alisema kwa sauti ya chini kwamba hata babu yake alikwenda vita ile, kwa hiyo anaomba sana, mwalimu, nimletee watu wawili tu na mzee mwenyewe. Yeye atafanya kilichobaki. Nimemwona ni mtu wa kutiliwa shaka.

Jumamosi, 11 Julai

Nyakanazi. Mji ambao hakuna anayeishi. Kila mtu anasubiri basi la kwenda kwingine. Nimemfuata Bartholomayo, aliyekuwa kombania moja na mzee. Siku hizi analinda malori usiku kwenye gesti moja na analala mchana. Hesabu yangu ni hii: nikimpata Bartholomayo na mwingine yeyote, Desderius hatuna haja naye.

Nimemkuta kwa mama lishe, anakula ndizi na maharage. Nikajitambulisha. Nilipotaja Gervasi aliweka kijiko chini.

"Yu hai?" akauliza. Nikasema yu hai, anapalilia. Akatazama barabarani kwa muda mrefu, lori baada ya lori, halafu akaanza kumtukana Gervasi kwa upendo mkubwa, matusi ambayo siwezi kuyaandika, kwa kuwa hakuwahi hata siku moja kuja Nyakanazi kumsalimia.

Amesimulia. Mzee alipigwa kwenye kinamasi. Machela hakuna. Bartholomayo akang'oa mlango wa banda la kuku, wakamlaza juu yake. Upande wa kichwani alishika yeye. Upande wa miguuni alishika mpishi, Desderius, aliyeacha sufuria ya maharage motoni akaja mbio. Siku hiyo kombania nzima ililala njaa, na hakuna aliyemlaumu.

Ni wazi kwamba kumbukumbu za Bartholomayo zimeanza kuchakaa.

Nikamwomba aje ashuhudie. Akasema hata kesho. Ila na Desderius. Nikamwambia Desderius ana shughuli nyingi. Akasema, "Mwalimu, machela haibebwi na mtu mmoja."

Nikajaribu njia tatu za kumzunguka. Amezoea madereva, hazungukwi. Nimekubali Desderius kwa muda tu, kama watu wanavyokubali koti la kuazima wakati wa mvua.

Jumanne, 14 Julai

Kila kitu kimepangika. Adelfina amepiga simu: Alhamisi anakuja yeye mwenyewe na daktari, hapa hapa ofisi ya kata Nyakisasa, wazee wasisumbuke na safari. Bartholomayo atalala kwa Desderius. Felisita ameipiga pasi suruali ya baba yake mara mbili. Mama mkwe, Mama Ildefonsa, ameanza kucheka peke yake jikoni. Mzee amenyoa ndevu. Jioni wajukuu walimsikia nyuma ya nyumba akiitika jina lake mwenyewe. Aliitika kwa nguvu, kisha kwa nguvu kidogo, kisha akarudia ile ya kwanza.

Na mimi je?

Nauliza kwa haki. Nani alianzisha mapambano? Nani alikwenda Nyakanazi? Alhamisi watamaliza kwa nusu saa, watapeana mikono, na taifa halitajua lolote. Medali itatoka kimya kimya kama cheti cha chanjo. Dhuluma ya karibu nusu karne haifutwi kimya kimya! Inafutwa hadharani, ili waliodhulumu waone aibu.

Nimechukua hatua. Nimeazima turubai na viti parokiani. Nimewaita wanakwaya, watafundishwa wimbo kesho. Nimempigia Iradukunda, kijana wa redio, aje na vyombo vyake. Nimeandaa hotuba.

Felisita ameuliza turubai ni la nini. Nimemwambia ni la jua.

Alhamisi, 16 Julai

Nitaandika kwa utulivu. Mimi ni mtu wa ushahidi.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Watu walijaa. Mzee alifika amevaa koti na kofia yake ya Jumapili, akaona umati, akasimama. Felisita alinitazama. Mimi nilitazama juu. Adelfina akasema waingie ndani upesi wafanye kazi iliyowaleta. Lakini ndani ya ofisi ya kata kulikuwa na mifuko ya mbolea hadi darini, hata daktari hakupata pa kusimama. (Hili si kosa langu. Nimeliandikia waraka tangu Machi.) Wakatundika blanketi kwenye kona ya baraza. Mzee na daktari wakawa nyuma yake. Mashahidi walikuwa wamekwisha kusema yao na kutia saini. Kilichobaki kilikuwa jeraha.

Baraza ni moja, na jukwaa langu lilikuwa baraza. Nikaanza.

Nilisema nchi hii huwakumbuka mashujaa asubuhi moja kwa mwaka, kabla jua halijawa kali. Makofi. Nilisema waliovuka mpaka bila viatu wamezikwa bila bendera, na waliobaki nyumbani wana majumba. Makofi mengi! Iradukunda alinyanyua chombo chake. Kwaya ikaanza ubeti wa kwanza kwa chini. Nikawa namfikia mzee. Nikasema wanadai hakuna, wameandika hakuna, basi leo nawaonyesha kama hakuna. Nikasema, "Tazameni!"

Na mkono ukavuta blanketi.

Sisemi nilivuta. Mkono ulivuta.

Mzee alikuwa ametupa mgongo. Suruali kwenye magoti, shati limeinuliwa kwa mikono miwili, kama mtoto anayepimwa. Kovu lipo. Ni kubwa, limejikunja kama mzizi. Wote waliliona. Wake za wanawe waliliona. Kwaya iliishia katikati ya neno. Mama Ildefonsa alijifunika uso kwa kanga akakimbilia migombani. Na mimi niliona. Mkwe wake.

Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonikera, maana kelele ningezijibu. Alipandisha suruali. Akafunga mkanda, tundu la kwanza halikuingia, akatafuta la pili. Akachukua kofia. Akamwambia Adelfina kwa Kiswahili chake cha jeshini, taratibu, "Afande, acha kama palivyoandikwa. Hakuna."

Akaenda zake nyumbani kwa miguu. Bartholomayo alisimama wima, mikono ubavuni, mpaka mzee akapotea nyuma ya migomba. Desderius alivua medali yake akaitia mfukoni.

Maigizo matupu. Hotuba yangu ilikuwa imebakiza kurasa mbili.

Jumamosi, 18 Julai

Felisita amehamia kwao tangu juzi. Ameniachia chumvi na paka.

Wamekuja wajumbe wa ukoo, wazee wawili, na nani anawaongoza? Desderius! Ameketi kwenye kiti changu, amenisalimia kwa adabu, ameeleza shauri. Mzee amefungwa na mila. Mkwe amemwona, tena mbele ya wakamwana. Hawezi kukaa mbele za watu mpaka afunikwe. Haendi kanisani, haendi kisimani, haendi ofisini. Anayetakiwa kumfunika ni mimi, mwenyewe, kwa mikono yangu: mbuzi, chungu cha pombe ya ndizi na shuka jipya. Desderius akasisitiza kwamba si adhabu, ni dawa. Mtu akivuliwa, huvikwa.

Nikamjibu kwa hoja. Nikasema aibu ni ya mkosaji. Mkosaji wa kwanza ni serikali, iliyoandika hakuna. Bila hilo kusingekuwa na daktari, wala blanketi, wala mkono. Kwa hiyo mbuzi atoe serikali.

Desderius akauliza, "Mwalimu, serikali imeoa kwa Gervasi?"

Wazee wale walicheka mpaka mmoja akakohoa. Nilisubiri amalize. Nikawaambia nimesoma vitabu ambavyo wao hawajawahi kuona hata majalada yake, na hakuna hata kimoja kinachotaja mbuzi. Wakaomba maji, wakanywa, wakaondoka. Mlangoni Desderius alinishika bega akasema rafiki yake hana muda mrefu wa kungoja. Ule ulikuwa mkono wa kampeni. Naujua.

Jumatatu, 20 Julai

Siku ya mwisho. Nilikuwa tayari kusamehe.

Asubuhi na mapema Adelfina alipiga simu. Hakuandika hakuna. Daktari alikuwa ameona vya kutosha kabla ya mkono. Saini za mashahidi zipo. Imebaki saini ya mzee tu, na leo jioni majina yanapelekwa. Atakuja mwenyewe kwa bodaboda mpaka uani kwa mzee, atangoja hapo. Akasema, "Mwalimu, nakuomba kama mzazi wangu. Mpeleke huyo mbuzi."

Nikatafakari. Nikaamua kuinama, kwa ajili ya taifa. Mbuzi ninaye. Nikamfungua.

Nilipofika niliona wamekwisha kunirahisishia. Pombe alikuwa amepika mke wa Desderius. Shuka alinunua Felisita, la mistari. Bartholomayo amerudi kutoka Nyakanazi, hajalala. Adelfina amekaa kwenye kigoda, karatasi magotini, kalamu mkononi. Mzee yuko ndani, nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo. Niliona ncha ya kiatu chake. Kimepigwa rangi.

Felisita alinipokea njiani akanieleza utaratibu, mara mbili, amenishika mkono. Nisimame kwenye lango la ua, nimeupa mlango mgongo. Nishike kamba ya mbuzi. Mzee atatoka, nitalinyoosha shuka kwa nyuma bila kugeuka, atajifunika, kwisha. Nisiseme neno. Kufunika ni kimya. Mwenye kusema anavua tena.

"Hata moja?" nikauliza. Akasema hata moja. Akanitazama kwa namna ambayo hajanitazama tangu tuoane. "Baba Keza, dakika moja tu. Maisha yako yote umesema. Dakika moja."

Nikasimama. Nikaupa mlango mgongo. Nikashika kamba. Nikasikia mlango unalia, mzee anatoka. Kimya. Ua mzima kimya, hata kuku.

Sasa, haki itendeke. Kimya kina maana, na maana ya kimya hiki ilikuwa kwamba nimekiri. Ningekubalije kukiri jambo ambalo halijajadiliwa? Nilitaka tu kuweka kumbukumbu sawa. Neno moja la utangulizi.

Nikasema, "Kabla sijatoa mbuzi huyu..."

Nilieleza kwamba natoa kwa hiari na si kwa hukumu. Kwamba mila ni chombo cha watu na si bwana wao. Hoja ya tatu ilihusu uchaguzi wa 2024, kwa ufupi. Nilikuwa naingia ya nne niliposikia mlango unafungwa, halafu komeo.

Nikageuka. Mama Ildefonsa alikuwa analikunja shuka. Desderius alikuwa ameketi chini, kichwa mikononi. Adelfina akaingoja saini mpaka jua likafika juu ya vilima vya Burundi. Akabisha hodi mara moja. Mzee akamjibu kwa ndani, kwa upole, aende asije akachelewa, barabara ni mbaya. Bodaboda ikaondoka.

Pombe hawakunywa. Walimwaga. Nasema hivi: kama wangenisikiliza mpaka hoja ya nne, tungekuwa tumemaliza mapema.

Jumamosi, 25 Julai

Siku ya Mashujaa. Nilikwenda uwanjani Ngara ingawa sikualikwa. Nilisimama nyuma ya watoto wa skauti.

Walisoma majina. Wazee wakaitika mmoja mmoja, wengine kwa sauti ya kukohoa. Desderius aliitika. Pembeni yake kiti kitupu, na upande wa pili wa kiti Bartholomayo, amevaa koti la ulinzi lililofuliwa. Mtu alipotaka kukaa hapo katikati, Bartholomayo aliweka mkono juu ya kiti.

Adelfina alinipita akiwa na mafaili. Nikamwambia mwakani tutajipanga vizuri zaidi. Akasema hakuna mwakani. Mzee amemtuma Desderius na ujumbe: anashukuru, na anaomba asiitwe tena, wala akiwa hai, wala kaburini. Adelfina alisema hayo huku amekaza macho kwenye bendera.

Nimempigia Felisita. Amesema baba yake ameshinda nyuma ya nyumba akichambua maharage. Ameuliza jambo moja tu siku nzima, kama uwanjani mvua haikuwanyeshea wenzake. Nikamwuliza yeye anarudi lini. Amekata simu, au mtandao umekatika. Mtandao wa huku kwetu ni mbovu. Nitauandikia.

Nimekaa peke yangu na paka, nimefikiri kwa kina, bila upendeleo, kama nilivyozoea. Nimeligundua kosa. Sikuliona mwanzoni kwa sababu ya hasira za watu. Tarehe 16 kosa letu lilikuwa moja tu: walioona walikuwa wachache mno. Mambo yakionwa na kata moja huitwa aibu. Yakionwa na mkoa mzima huitwa ushahidi.

Na ushahidi upo! Jioni hii Iradukunda amenitumia picha. Alipiga pale pale, blanketi likiwa bado hewani. Kila kitu kinaonekana: kovu, koti, kofia juu ya kiti, hata kidole changu. Picha kali sana. Nimekwenda stesheneri kabla hawajafunga. Wamenitolea nakala kubwa, za kubandika ukutani, nyingi, na chini yake nimeandika kwa herufi nene: HUYU NDIYE MZEE GERVASI.

Kesho ni Jumapili. Watu wa misa ya kwanza hutoka wote kwa mlango mmoja. Gundi ninayo.